Aliyekuwa Akifungua Chanzo cha Pili

Shangazi wa mume wangu alipokuja kwetu Voi kutolewa mtoto wa jicho, alitukuta mimi na mume wangu tuko vitani. Hakuna aliyempandishia mwenzake sauti. Chakula kilikuwa kinapikwa na kuliwa, watoto walio bwenini walikuwa wanapigiwa simu kila Jumapili, na kanisani tulikaa benchi moja. Vita vyenyewe vilikuwa ndani ya kompyuta.

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu katika shule moja ya upili hapa mjini. Mimi hupanga vijitabu vya ibada za mazishi, kadi za harusi, na kalenda za vikundi vya akina mama. Kazi naifanyia kwenye meza ya chakula, na kompyuta tuliyonayo ni moja, hiyo hiyo anayotungia mitihani yake. Ilipozeeka ikawa unaweza kuchemsha chai na kuichuja kabla haijawaka, mume wangu alitumia likizo kuifuta na kuiwekea Linux, mfumo mwingine wa kuiendesha. Ikaanza kukimbia. Naye kwa wiki nzima alitembea nyumbani kama mtu aliyefufua maiti.

Linux hiyo ina duka lake la programu. Ukilifungua unaona picha zimepangwa kama bidhaa rafuni, unachagua unayotaka, unabonyeza, inashuka kutoka kwa intaneti. Jambo ambalo halionekani mara moja ni kwamba duka halina mali yake lenyewe. Linaagiza kutoka kwa vyanzo, na mwenye kompyuta ndiye anayechagua lishughulikie vyanzo gani. Ukiingia kwenye mipangilio unavikuta hapo, kila kimoja na kisanduku chake cha kuwekea tiki. Kwetu vilikuwa viwili. Cha kwanza ni cha mfumo wenyewe. Programu zake zimejaribiwa na hazisumbui, lakini nyingi ni za matoleo ya zamani. Cha pili kinaitwa Flatpak. Huko vitu ni vipya, ila programu haiji peke yake, inakuja na jamaa zake wote kama mgeni wa Krismasi, na ile ya kwanza ukiishusha inaweza kumaliza bando lote. Halafu kuna nyota. Chanzo unachokipa nyota ndicho duka linakuonyesha kwanza, programu ikipatikana kote kuwili.

Mume wangu ni mtu wa chanzo cha kwanza. Ana shati la Jumatatu na shati la Jumanne. Mimi, ukiniambia kuna njia mpya ya kwenda sokoni, nitaipita hata kama ni ndefu.

Vita vilianza kwa sababu ya mama mmoja kutoka Ronge, aliyetaka kijitabu cha mazishi ya babu yake. Alitaka picha ya mzee ikae katikati ya ukurasa, na maneno ya historia yake yaizunguke vizuri kama maua. Programu yangu ya kupanga kurasa, ile ya toleo la zamani, ilikuwa inayakata maneno. Mzee akawa "alizaliwa" upande huu wa uso wake na "Ronge" inaning'inia sikioni. Basi nikaingia kwenye mipangilio, nikakiwekea chanzo cha pili tiki, nikakihamishia na nyota, nikashusha toleo jipya. Maneno yakamzunguka mzee vizuri sana. Mama wa Ronge aliutazama ukurasa huo, akasema babu yake hajawahi kupendeza hivyo akiwa hai.

Jioni mume wangu akakaa atume alama za wanafunzi.

"Bando limeenda wapi?" akauliza.

"Limetumika."

"Na nani?"

"Na kompyuta."

Mazungumzo yakaishia hapo. Kesho yake nilipofungua duka, tiki yangu haikuwepo, na nyota imerudi kwa chanzo cha kwanza. Niliirudisha tiki nikaenda kuanika nguo. Jioni ikawa imetolewa. Asubuhi nikaiweka. Tuliendelea hivyo, yeye akitoa, mimi nikiweka, na mezani tunapitishiana chumvi kwa adabu. Kuna siku nilimwona anatabasamu peke yake akinyoa ndevu, nikajua ametoa tiki kabla sijaamka.

Ndipo shangazi akafika kutoka Werugha, na kikapu cha kabichi, chupa ya maziwa, na maagizo ya daktari kwamba baada ya upasuaji asiiname, asibebe kitu, wala asikaribie moshi. Ni mwanamke aliyefanya kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja huko Wundanyi hadi alipostaafu, na hajawahi kukaa bure tangu siku hiyo. Ana ng'ombe, ana matuta ya viazi na karoti, na ana maoni.

Tulimpeleka hospitali, jicho likafanyiwa kazi, likafungwa bandeji. Kesho yake daktari alipoifungua, mtu wa kwanza aliyemwona ni mume wangu. Alimkagua toka utosini hadi kidevuni.

"Umezeeka," akamwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Kumbe ulikuwa unavumilia."

Akapewa dawa ya matone na miwani nyeusi ya kuvaa hadi jicho lizoee mwanga. Jicho la pili nalo lilikuwa na ukungu wake, likisubiri zamu. Ikabidi akae kwetu wiki kadhaa.

Usiku ule wa kwanza mimi na mume wangu tukafanya kikao kifupi chumbani. Tulikubaliana kwamba mbele ya mgeni hatutaoneshana ujinga. Chanzo cha pili kifungwe, nyota ibaki kwa cha kwanza, mpaka shangazi arudi nyumbani. Tulipeana mikono kabisa kama watu wa vyama vya siasa. Na mimi, kwa kweli, nilikusudia kutimiza.

Shangazi alivumilia kukaa bure kwa siku moja. Siku ya pili akaanza kulalamika. "Nyumbani naamshwa na ng'ombe," alisema. "Hapa naamshwa na malori, na malori hayakamuliwi." Akauliza kama kuna mboga za kuchambua. Hakukuwa na mboga. Akauliza kama kuna nguo za kushona vifungo. Vifungo vyote vilikuwa mahali pake. Mume wangu akamwonea huruma, akamkalisha mbele ya kompyuta na kumwonyesha mchezo wa karata, ule wa kucheza mtu peke yake. Alimwonyesha na duka lenyewe, kwa majivuno ya mtu aliyeliweka, huku akimweleza kuwa hapa ndipo vitu hutoka. Shangazi akatikisa kichwa nyuma ya miwani yake nyeusi. Hatukujua kama anaelewa au anasinzia.

Hazikupita siku nyingi, mambo yakaanza kuharibika.

Asubuhi moja nilitaka kuanza kazi nikakuta chaja haipo. Nilitafuta chini ya meza, nyuma ya kochi, ndani ya begi la shule. Niliikuta kwenye ndoo ya unga wa mahindi, imezikwa hadi shingoni. Mume wangu alikuwa amekwenda kazini. Nilielewa kwamba ni adhabu, ila sikujua kosa langu. Jioni nikamngoja, na kwa vile tulikubaliana tusigombane mbele ya mgeni, nikampitishia mgeni maneno.

"Shangazi, hebu mwambie mwalimu chaja haina miguu ya kwendea jikoni."

Mume wangu naye, bila kunitazama, akasema, "Shangazi, mwambie mama duka la kompyuta halijifungulii vyanzo lenyewe."

Shangazi aliendelea kumenya ndizi yake. "Mmesikia," akasema.

Nikaenda kuangalia. Kweli, chanzo cha pili kilikuwa na tiki, nami sikuwa nimeigusa. Nikajiuliza mtu anaweza vipi kuvunja mapatano yeye mwenyewe kisha aniadhibu mimi. Nikaitoa tiki, halafu nikazificha soksi zake za kuvalia shuleni ndani ya friji, chini ya kabichi.

Baada ya hapo nikaona jambo jingine. Kwenye orodha ya programu palikuwa na michezo ya karata mitatu. Tuliyokuwa nayo ni mmoja. Miwili hii mingine ilitoka chanzo cha pili, na mimi sichezi karata. Nikamkumbuka mume wangu, anavyokaa jioni na kompyuta, uso umekunjamana, anasema anasahihisha. Nikaona nimemkamata. Mtu anayenihubiria habari za bando na matoleo yaliyojaribiwa, kumbe anajishushia karata kisirisiri na kufunga mlango nyuma yake. Niliipenda siri hiyo mno hata sikutaka kumwambia kitu. Nilitaka nimfumanie.

Siku niliyoichagua, mume wangu alikuwa na kipindi cha asubuhi tu. Nilijua angerudi mapema aikute nyumba iko kimya. Nikamuaga shangazi kwamba nakwenda mjini kununua karatasi za kuchapia, nikatoka na mkoba wangu, nikazunguka hadi kwenye duka la simu la jirani, nikakaa kidogo. Kisha nikarudi kwa njia ya nyuma, ile inayopita kwenye mikonge, ili nichungulie dirisha la chumba cha chakula nikiwa nimejificha nyuma ya tangi la maji.

Nyuma ya tangi la maji palikuwa na mtu amechuchumaa. Tai ameirusha begani, na viatu vyake vya kazi vimejaa vumbi jekundu.

"Unafanya nini hapa?" nikamnong'oneza.

"Nakungoja uingie," akasema mume wangu.

"Mimi niko hapa."

"Naona."

Tulitazamana. Kuku wa jirani alipita katikati yetu, akadonoa kitu karibu na kiatu chake, akaenda zake.

"Wewe si ndiye unayecheza karata?" nikauliza.

"Karata gani? Wewe si ndiye unayefungua chanzo?"

"Tangu tupeane mkono sijakigusa."

"Hata mimi sijakigusa, isipokuwa kukifunga."

Kisha yeye, kwa sauti ile anayotumia mwanafunzi anapokaribia jibu, akasema, "Kama wewe uko hapa, na mimi niko hapa..."

Tuliinuka pamoja polepole hadi macho yakafika kwenye kizingiti cha dirisha.

Shangazi alikuwa kwenye kiti changu, mgongo wima, miwani nyeusi usoni, kikombe cha chai kulia kwake kama meneja wa benki. Alikuwa anaisemesha kompyuta kwa Kidawida, lugha ya kwao, taratibu, jinsi anavyosemesha ng'ombe anayekataa kukamuliwa. Duka lilikuwa wazi. Akaingia kwenye mipangilio. Akaweka tiki kwenye chanzo cha pili. Kompyuta ikadai paswadi, na shangazi akainua mikono yote miwili na kuipiga kwa vidole kumi, bila hata kutazama chini.

"Ameijuaje paswadi?" mume wangu akauliza. Paswadi hiyo aliichagua mwenyewe, jina la ng'ombe wa kwanza kufugwa kwao, na aliniapia hakuna mtu duniani anayeweza kulikisia.

"Huyo ng'ombe alipewa jina na nani?" nikamuuliza.

"Na shangazi," akasema.

Nilijiziba mdomo kwa leso. Yeye alijishikilia kwenye tangi, mabega yanacheza, na maji ndani ya tangi yakaanza kusukasuka naye. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu tucheke pamoja namna hiyo. Ilibidi tutambae hadi kwenye mikonge ndipo tupate mahali pa kupumulia.

Watu wazima wenye akili wangeingia ndani wakayamaliza. Sisi tulikaa pale kwenye mikonge tukapanga. Shangazi alipokwenda kujilaza baada ya chakula cha mchana, tulikaa mbele ya kompyuta bega kwa bega, mara ya kwanza tangu vita vianze. Mume wangu akatoa tiki ya chanzo cha pili. Mimi nikatoa ya chanzo cha kwanza. Duka likabaki halina pa kuagizia. Ukilifungua unaona rafu nyeupe tupu na maandishi madogo yanayosema hakuna kilichopatikana. Tukaifunga kompyuta, tukaenda kukaa kibarazani, kila mtu na gazeti lake kuukuu.

Saa ya chai shangazi alitufuata kwenye meza ya kibarazani bila haraka. Akajimiminia. Akakoroga sukari kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Pale kwenye kompyuta," akasema, "duka limefungwa. Kuna msiba?"

Chai ilimpita mume wangu puani. Nilimpiga mgongoni, na nilipoinua macho nikaona shangazi amevua miwani, anatutazama kwa jicho lake jipya, na jicho hilo halina aibu yoyote.

"Mlinipa karata ndogo kama mbegu za mchicha," akasema. "Jicho hili linaona vizuri lakini limechoka, na lile jingine halioni kitu. Nikatafuta kubwa. Mashine ikaniambia hakuna. Nikaingia kule ulikonionyesha, nikaona kuna kisanduku hakina alama. Nikajiambia, kama kuna kabati limefungwa, huenda karata kubwa zimo humo."

"Zilikuwemo?" nikauliza.

"Za kwanza zilikuwa mbaya. Za pili ni kubwa kama kadi zako za harusi. Naona hata sharubu za mfalme."

"Na mbona ulikuwa unakiacha wazi?" mume wangu akauliza. "Si ungekifunga tu kama ulivyokikuta."

"Siku nyingine nilifunga. Siku nyingine nilisahau." Akanywa chai. "Siku nyingine sikusahau."

"Lakini shangazi, kwa nini hukutuambia?"

"Niwaambie?" Akamtazama kama aliyemwuliza kwa nini hamwagi maziwa. "Mmoja anazika chaja kwenye unga, mwingine anatia soksi kwenye friji. Mnatumana kupitia kwangu kutwa. Nimekatazwa kuinama, nimekatazwa moshi, nimekatazwa kubeba. Ningewaambia, mchana ningekaa na nini?"

Mume wangu alijaribu kukasirika, nikaona anavyojaribu, lakini midomo yake haikukubali.

Shangazi alisogeza kikombe pembeni, akavaa miwani yake. Akataka kila mmoja aseme anachotaka, na asiseme kile asichokitaka kwa mwenzake. Mume wangu akasema anataka bando lifike mwisho wa wiki, na kompyuta isijae vitu. Mimi nikasema nataka toleo jipya la programu yangu ya kurasa, hilo tu, mengine yote naweza kuishi nayo yakiwa ya zamani. Shangazi akasema anataka karata kubwa.

"Sasa hapo mnagombania nini?" akauliza. "Hakuna aliyetaka kitu cha mwenzake."

Tukaihamishia kompyuta mezani, kati ya vikombe. Tuliweka tiki kwenye vyanzo vyote viwili. Nyota tukaiacha kwa cha kwanza, kwa hiyo ukitafuta kitu unaletewa kwanza kile kilichojaribiwa, na ukitaka kipya inabidi ukichague mwenyewe kwa makusudi. Mume wangu akazima kule kujisasisha kwa duka lenyewe, ili vitu vya chanzo cha pili visishuke kwa siri wakati anatumia bando kutuma alama. Tukakubaliana masasisho yasubiri Jumamosi, tukiwa wote nyumbani. Shangazi aliifuta ile michezo miwili ya karata asiyoitaka, akabaki na mmoja. Mimi nikaweka programu yangu. Hakuna aliyepoteza kitu isipokuwa soksi, ambazo zilinuka kabichi hadi mwisho wa muhula.

Daktari aliporidhika na lile jicho jipya tulimrudisha Werugha, lile jingine likisubiri zamu yake. Tulipopita Mwatate kukiwa na joto, na kupanda Wundanyi tukifunga vioo kwa baridi, akawa anatusomea kila kibao cha barabarani kwa sauti, vingine vikiwa mbali bado, ili tujue anaviona. Nyumbani kwake ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Jirani aliyekuwa anamtunzia ng'ombe alikuwa amepika kimanga, muhogo uliopondwa na maharagwe, tukakaa jikoni tukala. Jirani akauliza Voi kulikuwaje. Shangazi akasema kulikuwa na joto na watu wa hesabu, na akaomba aongezewe.

Wiki chache baadaye nilikuwa napanga kadi ya harusi ya watu wa Maungu, maneno yanazizunguka pete mbili vizuri kabisa. Mume wangu akaja akasimama nyuma ya kiti changu. Alikohoa kidogo. Akasogeza kalamu iliyokuwa mezani, akairudisha.

"Kuna programu ya kuchora maumbo," akasema. "Ya kufundishia jiometri. Ninayo, lakini nasikia kule kwa chanzo cha pili kuna toleo jipya."

"Hilo la zamani lina kasoro gani?"

"Halina kasoro."

"Sasa?"

"Duara zake hazinipendezi," akasema, akitazama dirishani.

Nikamwambia anisubiri nimalize ukurasa. Nilikuwa nimeshaumaliza, ila nilipanua pete, nikaipunguza, nikaipanua tena, naye alisimama pale amefunga mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, hadi nilipomwonea huruma nikasogeza kiti akae.